Mistari ya Mkaa

Mama Sechelela hakusoma.
Hilo alilisema mwenyewe, mbele ya mwenyekiti,
kama mtu anayetaja ukoo wake.
Lakini kila ndoo iliyotoka kisimani Chinyika
aliipigia mstari wa mkaa ukutani mwa kibanda cha pampu:
minne imesimama, wa tano umeilalia,
fungu, na fungu, na fungu,
miezi kumi na mmoja ya shilingi hamsini hamsini,
mpaka weusi ukamfika begani,
kisha akaleta stuli.

Vijana tulimcheka. Niseme kweli.
Pale kijiweni, juu ya pikipiki zilizozimwa,
tulisema: bibi anachora zizi la mbuzi.
Naye alitusema: hawa
vidole vimewaota kwenye simu,
mkutano wa kijiji wanausikia
kama kengele ya shule wasiyosoma.

Pampu ikafa Septemba.
Mhazini akasema hela ya kifaa haipo.
Haipo.
Neno jepesi, lilitua juu ya ndoo tupu likakaa.

Tukarudi korongoni kufukua mchanga kwa bakuli,
mama zetu saa tisa usiku,
ng'ombe wa Malogo wakingoja zamu nyuma ya watu.
Huko ndiko nilikomkuta amepiga magoti,
anayasubiri maji yajikusanye.
"Nyemo, hiyo simu yako inajua kuhesabu?"
"Inajua."
"Basi mimi najua cha kuhesabiwa."

Siku nne. Mimi napiga picha, yeye ananirudi:
hapa si fungu, hapa mkaa ulivunjika;
hapa ni msiba kwa Mbeleje, maji tulitoa bure;
hapa niliumwa, alichora mjukuu,
yule ana mkono mwepesi, mpunguzie.
Mwezi wa Machi tuligombana.
Mimi nilitaka hesabu iliyonyooka.
Yeye alitaka iliyotokea.

Usiku wa kuamkia mkutano
mtu akaupaka ukuta chokaa.

Mweupe pe.
Mama akapitisha kiganja, kikatoka na unga,
akacheka mpaka akakaa chini:
"Kumbe aliyesema haipo
anajua kuusoma mkaa."

Kilichobaki kilikuwa simuni mwangu na kichwani mwake.
Na watu hawakutosha.
Akidi imepungua thelathini na wawili, akasema mtendaji,
mkono tayari juu ya faili.
Nikawasha pikipiki. Mama akapanda nyuma, kiupandeupande,
ncha ya kanga mdomoni,
akanishika shati kama anayeshika pembe.
Yeye aliwajua wa kilabuni kwa majina ya mama zao,
mimi niliwajua wa kijiweni kwa madeni yao.
Safari sita. Vumbi letu halikuwahi kutua.

Mbukwenyi, nikaanza, sauti ikanikauka.
Nikasoma: ndoo elfu kumi na mbili, mia saba na kumi.
"Ongeza thelathini," akadakia, "za Machi."
Nikaongeza.
Mara hamsini: laki sita na elfu thelathini na saba.
Mzee mmoja akaomba nirudie polepole,
si kwamba hakusikia,
alitaka kuionja.

Mhazini alisimama, akatazama viatu vyake,
akaomba wiki mbili.
Tulimpa moja.

Sitasema kijiji kilipona.
Nusu ya hela ilirudi, nusu bado ni maneno,
na wapo wasionisalimia njiani.
Lakini pampu inakohoa maji,
na jioni, kabla hajafunga kibanda,
Mama ananionyesha daftari lake jipya:
saba zake zinatazama nyuma,
kama mtu aliyeitwa.
Nami zamu yangu ikifika nashika mkaa,
kwa kuwa simu huzima, na daftari huazimwa lisirudi.

Halafu ile chokaa, kusema haki,
aliyeipaka alitusaidia:
mistari siku hizi
inaonekana toka barabarani.